Mbio Ndefu Huanzia Jikoni

Hotuba hii niliitoa mjini Nakuru, Jumapili ya mwisho ya likizo ya Agosti, mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha mbio pamoja na jamaa zao. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Bwana mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama na akina baba, vijana, na ninyi watoto mliozunguka jiko la mahindi, hamjambo? Itifaki yote imezingatiwa.

Mwenyekiti aliponipigia simu wiki iliyopita, aliniomba nizungumze juu ya maandalizi ya mbio za Nairobi, kwa kuwa zimebaki wiki tisa tu na wenzetu saba wanakwenda kukimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza. Nilikubali kwa furaha. Lakini nilipoketi usiku na karatasi mbele yangu, niliona kwamba habari za mazoezi hao saba wanazijua, na wakizisahau wana kocha wa kuwakumbusha. Kuna habari nyingine ambayo mimi sikuambiwa na mtu nilipoanza, nikaja kuijua nikiwa nimeshaumiza watu ninaowapenda. Kwa hiyo leo, kwa ruhusa yenu, nitasema na wakimbiaji, lakini nitasema nikiwatazama wale ambao hawajawahi kuvaa raba hata siku moja, na ambao bila wao hakuna hata mmoja wetu angefika kilomita ya kumi.

Kule Ulaya na Marekani majira ya joto yanakwisha sasa. Jua linapungua ukali, na ndiyo sababu mbio kubwa za barabarani zimepangwa zifuatane katika miezi inayokuja: Berlin mwishoni mwa Septemba, Chicago mwanzoni mwa Oktoba, New York mwanzoni mwa Novemba. Huko Kaptagat na Iten wako wanariadha ambao hivi sasa wanahesabu siku. Sisi wa Nakuru hatuna majira ya namna hiyo. Baridi ya Julai imetuachilia, mvua ya Agosti inatunyeshea alasiri, mahindi mabichi yameingia sokoni, na kalenda yetu tunaisoma kwenye kitu kimoja, yaani sanduku la shule. Likishatolewa chini ya kitanda na kupanguswa vumbi, kila mzazi anajua likizo imekwisha. Naomba mlikumbuke sanduku hilo, maana nitalirudia.

Nianze na swali. Saa za mazoezi ya mwisho wa wiki ni za nani?

Mkimbiaji atajibu upesi kwamba ni zake, kwa sababu miguu ni yake na jasho ni lake. Mimi pia nilijibu hivyo mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeamua kukimbia mbio kamili, kilomita 42 na mita 195, nikajipa majuma kumi na sita ya kujitayarisha. Kila Jumapili nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nikapanda kuelekea Menengai, nikazungukia Kiamunyi, nikarudi saa mbili na nusu nikiwa nimechoka hata kufungua kamba za raba ilikuwa kazi. Nikanywa chai, nikaoga, nikalala mpaka saa saba. Hebu hesabuni pamoja nami. Barabarani nilikuwa saa tatu na nusu, lakini watu wa nyumbani kwangu walinikosa kwa saa nane nzima, na hiyo ndiyo siku ya pekee katika juma ambayo sote hatukuwa shuleni wala kazini.

Jumapili ya mwisho ya likizo mwaka ule, siku kama ya leo, binti yangu alikuwa anarudi bweni kesho yake. Alikuwa bado mdogo, mwaka wake wa kwanza wa kulala shule. Tulikuwa tumeagana kwamba tutakwenda sokoni pamoja baada ya ibada, tununue sabuni, mafuta ya kujipaka, soksi, na kufuli mpya ya sanduku, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imepotea. Nililala. Mama yake alikuwa zamu kazini. Mtoto alikuja mlangoni mara mbili, akanitazama, akarudi zake polepole asiniamshe. Nilipoamka, maduka ya mtaani yalikuwa yanafungwa, na sanduku lilikuwa sebuleni, limefungwa kwa kipande cha kamba ya kuanikia nguo ambacho alikuwa amekikata mwenyewe uani. Hakulia na hakununa. Alinitengea chakula, akaketi, kisha akaniuliza, “Baba, likizo ijayo utakuwa unakimbia, au utakuwa uko?”

Ndugu zangu, nimekimbia nikiwa na maumivu ya goti, na nimekimbia kwenye mvua ya mawe pale juu Menengai ambapo hapana hata mti wa kujikinga. Hakuna kilichowahi kunisimamisha kama swali lile. Kukimbia, au kuwako. Mtoto alikuwa amekwisha kuona kwamba katika nyumba yetu mambo hayo mawili hayakai pamoja, na alikuwa ananiuliza kwa adabu ni lipi nimelichagua.

Mbona hatusimulii upande huu? Tukikutana tunasimulia muda, tunasimulia milima, tunasimulia medali iliyotundikwa ukutani. Nani husimulia habari za aliyeamka kuwasha jiko tukiwa gizani tunafunga kamba? Nani husimulia habari za aliyewapeleka watoto kanisani peke yake, akaulizwa kila Jumapili kama mume wake amesafiri? Nani husimulia habari za mtoto aliyekata kamba ya nguo?

Sikuacha kukimbia, na sijaja hapa kumshauri mtu aache. Jioni ile mke wangu alitoa kalenda ya ukutani, ile tuliyopewa na duka la mbolea, akaipigilia jikoni kando ya mlango, akanipa kalamu. Aliniambia niandike hapo kila saa ninayotaka kuichukua, kabla sijaichukua, na nisiandike kwenye simu yangu ambayo yeye haioni. Kisha akaongeza sharti moja ambalo mimi nisingelifikiria kamwe: kando ya kila mazoezi niandike jina la mtu atakayefanya kazi yangu nikiwa sipo. Niliona ni jambo dogo. Nikaandika mwezi mzima. Mwezi ulipokwisha nikasimama mbele ya ile kalenda na sufuria ya uji mkononi, na jina lililojaa kutoka juu mpaka chini, juma kwa juma, lilikuwa ni moja tu. Nadhani hamhitaji niwatajie.

Tangu hapo tulibadilisha mambo. Mazoezi marefu yalihamia Jumamosi, na mara mbili kwa mwezi yanaishia Njoro, kwa mama yangu mzazi. Njoro ni mwendo wa karibu kilomita 20 kutoka hapa, na mnaoijua barabara ile mnajua inavyopanda, maana mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Njoro imepita mita 2,100. Siku za kilomita 30 nazungukia kwanza upande wa Chuo Kikuu cha Egerton. Mke wangu na watoto wanakuja kwa matatu baadaye kidogo, wamenibebea nguo kavu. Nikifika naoga, namenya viazi, tunapika pamoja na kula pamoja, na watoto wanakaa na shosho wao mpaka jioni. Mama yangu, ambaye alikuwa akiniona mara moja kwa miezi mitatu na simu katikati, sasa ananiona kila wiki mbili. Kilomita ni zile zile. Mlima ni ule ule, pengine mkali zaidi. Kilichobadilika ni mahali ninapofikia.

Ninaposema mbio ndefu huanzia jikoni, kwanza nasema juu ya kalenda ile. Lakini nasema pia juu ya chakula chenyewe. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, akiba ambayo wataalamu huiita glaikojeni, na kwa wakimbiaji wengi akiba hiyo hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi. Hapo ndipo miguu inageuka mawe, kichwa kinakuwa chepesi, na mtu aliyekuwa akicheka kilomita ya 25 anaanza kutembea. Sasa akiba hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye ugali wa Alhamisi, viazi vya Ijumaa, na uji wa wimbi wa Jumamosi usiku. Kuna mtu aliyesonga ugali huo. Kuna mtu aliyeuchuja uji huo. Ukifika kilomita ya 30 na miguu bado inakubali, ujue umebebwa na mkono wa mtu aliye jikoni, na si jambo la kulipita kimya.

Labda mtu atasema moyoni kwamba hayo ni mambo yetu sisi watu wa kawaida, na kwamba mabingwa wameachana nayo. Twende basi Keringet, humu humu katika kaunti yetu, alikokulia Faith Kipyegon. Mita 1,500 si mbio ndefu, najua, lakini maisha yake ni ya ustahimilivu. Alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Rio mwaka 2016. Mwaka 2018 alijifungua mtoto wa kike. Mwaka uliofuata alikuwa Doha na kurudi na fedha ya dunia, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki tena Tokyo mwaka 2021, na ya tatu Paris mwaka 2024. Mumewe, Timothy Kitum, ni mwanariadha ambaye mwenyewe alishinda shaba ya mita 800 kule London mwaka 2012. Akina mama mlio hapa, ambao mmelea mtoto mchanga, mnajua miezi ile ya kwanza usingizi unavyokuja vipande vipande. Mwanamke hatoki kwenye miezi hiyo akarudi uwanjani kwa nguvu za miguu peke yake. Lazima kuwe na mikono inayompokea mtoto anapotoka na inayomrudishia anapoingia.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu mambo haya hayaishii mlangoni. Yanatoka nje, yanakutana na marafiki.

Tarehe 27 Agosti 2011, mjini Daegu nchini Korea Kusini, wanawake walikimbia mbio ndefu za Mashindano ya Dunia. Agosti kule ni joto zito lenye unyevu. Kuelekea mwisho wa mbio, Wakenya walikuwa wameshika mbele, na katika kituo cha maji Edna Kiplagat na Sharon Cherop wakagongana. Edna akaanguka. Jamani, fikirini. Dhahabu ya dunia iko mbele, mpinzani wako mkubwa yuko chini, na hakuna mtu duniani ambaye angekulaumu ukiendelea. Sharon alisimama. Alimgeukia mwenzake, akahakikisha ameinuka, ndipo wakaendelea na mbio. Edna alishinda kwa saa 2, dakika 28 na sekunde 43. Priscah Jeptoo akawa wa pili. Na Sharon Cherop, yule aliyesimama, akawa wa tatu. Siku hiyo hiyo Vivian Cheruiyot aliwaongoza wenzake kuchukua medali zote za mita 10,000, hivyo siku moja ikatuletea medali sita. Na huyo Edna aliyeinuliwa ni mwanamke ambaye, pamoja na watoto aliowazaa, amewalea watoto wa marehemu dada yake. Mimi nikiitazama ile picha, sioni watu wawili tu barabarani. Naona na watoto walioko nyumbani.

Nina ya pili, na hii naipenda kwa sababu ya sekunde moja. Mwaka 2003, tarehe 28 Septemba, Paul Tergat wa Baringo, jirani zetu hapa kaskazini, alikimbia Berlin. Sammy Korir alikuwamo kama mweka kasi, yaani kazi yake ilikuwa kutangulia, kukata upepo, na kumsaidia bingwa kushika mwendo. Waweka kasi wengi hutoka njiani kazi ikiisha. Korir hakutoka. Alikaa bega kwa bega na Tergat mpaka mwisho kabisa, na Tergat akamaliza kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, mtu wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 5. Korir alimaliza kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 56. Sekunde moja! Mimi sijui kama Tergat angefika pale bila pumzi ya mwenzake sikioni, na nafikiri kila mtu aliyewahi kukimbia kilomita tano za mwisho akiwa na mwenzake anajua jibu lake.

Lakini marafiki wa kwenye mbio kubwa tunawaona kwenye televisheni. Mimi nataka kusema juu ya marafiki wa hapa, na kuna jambo moja lililotupata sisi wenyewe. Mhusika yuko hapa na ameniruhusu nilisimulie, ila nisimtaje jina.

Mwanzoni mwa mwaka jana, mwenzetu mmoja, fundi wa cherehani, aliacha kuja mazoezini. Jumamosi ya kwanza hatukujali. Ya pili tukasema labda ana kazi nyingi za sare za shule. Ya tatu tukasema amepoa, watu hupoa. Katika daftari letu la mahudhurio, ambalo mimi ndiye niliyekuwa nikiliandika, niliandika hayupo, hayupo, hayupo. Sikupiga simu. Nilikuwa nashughulika na muda wangu wa kilomita kumi.

Aliyekwenda kumtafuta ni mama yetu muuza mboga wa soko la Wakulima, ambaye kila Jumamosi humaliza wa mwisho na ambaye hajawahi kulalamikia jambo hilo. Alifunga kibanda mapema, akachukua kabichi na kilo ya sukari, akauliza njia mpaka akafika. Alimkuta fundi amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake. Yule mama alikuwa amepatwa na kiharusi, upande mzima wa kushoto umelala. Fundi alikuwa akimlisha kwa kijiko, akimwosha, na usiku akimgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni. Dada yake aliyeko Kisumu alikuja mara moja, akarudi kwa watoto wake. Kwa siku kumi na tisa fundi alikuwa hajalala usiku mmoja mzima. Mama mboga akamuuliza, mbona hukutuambia? Akajibu, “Nilidhani ninyi ni watu wa kukimbia.”

Nilidhani ninyi ni watu wa kukimbia. Maneno hayo tulirudishiwa Jumamosi iliyofuata, tukiwa tumevaa jezi, tayari kuondoka. Hakuna aliyeondoka. Tulikaa kwenye nyasi mpaka jua likapanda, na hapo ndipo kikundi hiki kilipozaliwa kwa kweli, ingawa daftari linasema kilianza miaka miwili kabla.

Tulipanga zamu. Kila Jumamosi na kila Jumatano jioni, wawili wetu walikaa na mama ili fundi akimbie saa moja, au alale saa moja, apendavyo. Mwanzoni alilala. Mwenzetu ambaye ni muuguzi alitufundisha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega, namna ya kumketisha wima anapokula na kumwacha wima kitambo baada ya kula asipaliwe, na namna ya kupika uji mzito kidogo ambao koo lililolegea linaweza kuupokea. Nimejifunza mengi katika kikundi hiki, lakini sidhani kama nimejifunza jambo lenye manufaa kuliko hayo. Baba mtu mzima, nilikuwa sijui kumlisha mtu.

Zamu zile zilichukua miezi kumi na minne. Na hapa ndipo nataka wale saba wanisikilize vizuri. Katika mbio kuna ubao kila kilomita. Ukiona 35 unajua zimebaki saba na ushee, unagawa nguvu zako, unajiambia bado kidogo. Ugonjwa wa mzazi hauna ubao. Hujui kama uko kilomita ya tatu au ya arubaini. Fundi alinieleza siku moja kwamba kilichokuwa kikimchosha si kazi, ni kutojua. Sisi hatukuweza kumwambia zimebaki ngapi. Tuliloweza ni kufika Jumatano, na kufika Jumamosi, na kufika Jumatano tena, mpaka akawa anahesabu kwa sisi badala ya kuhesabu kwa kilomita. Kwake yeye ubao ulikuwa ni mtu anayebisha hodi.

Mama alitutoka mwezi wa nne mwaka huu, wakati wa mvua. Siku ya mazishi, huko kwao, gari lilinasa kwenye matope mbali na boma, ikabidi jeneza libebwe. Waliobeba walikuwa ni wale wale wa Jumamosi. Tulibadilishana mabega kila mita mia hivi, wa nyuma wakija mbele na wa mbele wakipumzika, na hapakuwa na mtu aliyetoa amri. Miguu ilijua. Mama mboga alitembea kando akiwa ameshika viatu vya watu waliovua wasiteleze, na safari ile hakuwa wa mwisho.

Fundi ni mmoja wa hao saba wanaokwenda Nairobi.

Neno fupi juu ya watoto, kisha niwaache mle mahindi. Tunapowapeleka juu Menengai siku za likizo, kwenye ukingo ule wa mita 2,278 ambako unaliona shimo zima la kreta na ziwa letu nyuma yako, naomba tuache saa nyumbani. Mtoto akisimama kutazama mdudu, tusimame. Akitaka kukimbia, akimbie, akichoka, abebwe. Nimeona wazazi wakiwahimiza watoto wa miaka saba kwa muda wa mzunguko, na nimeona watoto hao wakikataa kuja mwaka uliofuata. Watakuwa na miaka mingi ya kuhesabu sekunde kama watapenda.

Sasa ninyi saba. Nina maombi matatu, nayo ni madogo. Leo usiku, kabla ya kulala, mketishe yule anayebaki nyumbani mkiwa barabarani, umuonyeshe juma kwa juma saa utakazomwomba mpaka Oktoba, na umuulize ni ipi kati ya hizo haiwezekani. Akikuonyesha moja, iondoe, usibishane naye. Pili, mazoezi yenu marefu ya mwisho yaishie mlangoni kwa mtu mnayempenda ambaye hamjamwona muda mrefu. Tatu, siku ya mbio mkimaliza, kabla ya kupiga picha na medali, mpigieni simu aliyebaki. Yeye amekuwa akiitazama saa tangu alfajiri.

Kuna mmoja kati ya hao saba ambaye sijamtaja, ingawa nimemsimulia tangu mwanzo. Ni mke wangu. Baada ya miaka yote ya kunibebea nguo kavu mpaka Njoro, mwezi wa pili mwaka huu alichukua kalamu, akaandika kwenye kalenda ya jikoni mazoezi yake ya kwanza, na pembeni akaandika jina langu. Mwaka huu mimi sikimbii Nairobi. Nitasimama karibu na kilomita ya 35 nikiwa na maji na ndizi, na nikishamwona amepita nitampigia simu fundi kumwambia kama ameshamtangulia au bado.

Binti yetu sasa yuko kidato cha nne. Hii ndiyo likizo yake ya mwisho ya Agosti, na kesho anarudi shuleni kujiandaa kwa mtihani. Mama yake ana kilomita kumi na mbili za asubuhi. Ameshaziandika, na ataondoka saa kumi na moja alfajiri, atarudi kabla ya matatu kuja. Mimi nitakuwa sebuleni na binti yangu tukipanga sanduku. Kufuli nimenunua jana.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.